Ukiwa na lien, hauna video

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa muji wa Beni, mu mafunzo juu ya ushahidi wa video. Tumeyaandika vile yalisemwa, tukapunguza tu marudio.)

Wale walileta mashini, muziache kwanza zimefungwa, courant ni kidogo na tutazihitaji nyuma ya maneno. Wale walikuja na telefone tu, musione haya, muketi karibu na mwenye mashini.

Nawaomba kitu kimoja mbele ya yote. Kila mutu afungue kundi lake la WhatsApp, lile lenye kelele nyingi, apande juu mpaka mwaka uliopita, atafute lien ya video yenye tulitumiana tukisema "muangalie hii, musambaze". Abonyeze. Nasikia wamoja wanacheka. Ndiyo, njo hiyo: "Cette vidéo n'est plus disponible". Tulikuwa na lien, hatukuwa na video. Lien ni anwani tu, inakuonyesha nyumba kwenye kitu kinalala. Mwenye nyumba akikihamisha, ao akikichoma, wewe unabaki na anwani mukononi.

Mutaniuliza: kama video imepotea, si tuliiona sisi wote? Tuliiona, lakini siku mutu atasimama na kusema ni montage, utamujibu na nini? Mukumbuke Kasai. Februari 2017, video ilizunguka inchi nzima, inaonyesha wanajeshi wanapiga risasi watu mu Mwanza Lomba, kule Kasai Oriental. Neno la kwanza la serikali lilikuwa ni montage. Mwezi moja nyuma, Machi, auditeur wa jeshi mwenyewe alitangaza kama wanajeshi 7 wamekamatwa. Kati ya yale maneno mawili, "montage" na "wamekamatwa", kulikuwa watu wenye walichunga ile video, wakaiangalia pole pole, mara na mara, wakalinganisha sauti, nguo, njia, miti. Lien peke yake haingeweza kufanya ile kazi.

Na kule Goma, tarehe 30 Agosti 2023. Watu zaidi ya 50 waliuawa siku moja. Video moja ilionyesha wanajeshi wakitupa miili mu camion. Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi wiki moja tu nyuma, na tarehe 2 Oktoba kanali moja akahukumiwa kifo. Sisemi ni video peke yake ilileta kesi. Nasema ilikuwa vigumu kwa yeyote kusimama na kusema hakuna kitu kilifanyika.

Sasa, ni nani anafuta? Tunapenda kusema ni "wao". Mara ingine ni wao kweli. Lakini mara nyingi ni mwenye alitia video ndiye anaiondoa, juu ameogopa, ao mama yake amemuomba. Nani atamulaumu? Ingine inafutwa na roboti. Mwaka 2017 YouTube iliweka roboti za kutafuta video za ugaidi, na zikafuta video nyingi sana za vita ya Syria, pamoja na zile za watu wenye walikuwa wanaonyesha mabaya ya vita ile. Roboti haijui kutofautisha muuaji mwenye anajisifu na jirani mwenye anashitaki. Mwaka ule ule, Agosti 2017, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilitoa mandat ya kumukamata Mahmoud al-Werfalli wa Libya, na msingi mkubwa wa ile mandat ulikuwa video zilizopita ku mitandao. Muone sasa: video ya aina ile ile, mahali pamoja ni mandat, mahali pengine ni takataka ya kufagia.

Kuna na kufutwa kwingine kwenye hakuna hasira ndani, ni kanuni tu. Statut inaisha kisha saa 24, hiyo munajua. Lakini wengi hawajajua kama tangu Februari 2025 Facebook inachunga direct mupya siku 30 tu, kisha inaiondoa. Zile direct zetu zote, za marche, za kikao na bourgmestre, za mama anayelia mbele ya nyumba iliyochomwa: siku 30. Kama mwenye kuifanya hakuishusha, kwisha.

Hapa niseme juu ya kile kifungo cha Facebook kinaandika "Enregistrer". Kijana anakibonyeza, analala na amani. Kile kifungo hakichungi video! Kinachunga lien, kinaiweka mu orodha yako ya ndani ya Facebook. Siku video inafutwa, ile orodha itakuonyesha nafasi tupu. Kwangu mimi, hakuna neno linadanganya vijana wa mitandao kupita lile.

Bon. Tuingie mu kazi yenyewe. Kushusha video, ao vile tunasema kila siku, kutélécharger, ni kuchukua faili nzima kutoka kule inalala na kuiweka ku diski ya mashini yako, ipige hata bila intaneti. Kuna njia ya raisi, na kuna njia yenye nguvu.

Njia ya raisi: unafungua ukurasa mu Firefox ao Chrome, unaweka panya juu ya video, unabonyeza upande wa kuume, unachagua "Enregistrer la vidéo sous". Ku kurasa ndogo ndogo, za redio fulani ao za shirika fulani, hiyo inatosha. Faili ya mp4 inashuka, unapiga VLC, mambo yamekwisha.

Lakini ku YouTube, Facebook na X, ile maneno haionekani, ao inaonekana na haileti kitu. Watu wanafikiri mashini yao ni mbaya. Hapana. Video kubwa za siku hizi haziko faili moja. Zimekatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja sekunde chache, na vinaletwa kimoja kimoja kadiri unaangalia. Tena picha ziko upande wake na sauti upande wake. Kunakuwa na karatasi ndogo, faili yenye jina lake linaishia na m3u8 ao mpd, inayoandika: kipande cha kwanza kiko hapa, cha pili pale. Firefox inasoma ile karatasi, inaokota vipande, inavishona mbele ya macho yako, kisha inavitupa. Ni sawa na mama mwenye anauzisha mkate vipande: ukimuomba umuone mkate mzima, hauko pale mezani. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua video, bonyeza F12, enda ku "Réseau", acha video ipige. Utaona vipande vinapita kama siafu.

Kwa hiyo tunahitaji programu yenye kusoma ile karatasi, kuokota vipande vyote na kuvishona vibaki. Kuna vipande vya kuongeza ndani ya Firefox. Video DownloadHelper ni ya zamani na inajulikana, unaiweka mara moja, kisha inakuonyesha kama kuna video ku ukurasa. Ile yenye iko mu Chrome haishushi YouTube, juu duka la Google linakataza. Musipoteze saa nayo.

Mimi nawashauri yt-dlp. Ni ya bure, kila mutu anaweza kusoma namna imeandikwa, na inaelewa kurasa nyingi sana. Ilizaliwa kutoka kwa mukubwa wake, youtube-dl. Ile youtube-dl, mwezi wa Oktoba 2020, shirika la wauza muziki wa Marekani lilifanya iondolewe ku GitHub; kisha wiki tatu na zaidi kidogo ikarudishwa. Moja ya hoja zilizoitetea ni kwamba wandishi wa habari na watetezi wa haki wanaitumia kuchunga ushahidi. Kazi yetu, kwa maneno mengine.

Haina vifungo wala rangi. Unashusha yt-dlp.exe, unaiweka mu folda moja, tuseme C:\video, na pembeni yake unaweka ffmpeg, ile ya kushona picha na sauti. Bila ffmpeg utapata faili mbili, moja bubu na moja kipofu. Kisha pale juu ya dirisha la folda, kwenye jina lake linaandikwa, unafuta, unaandika cmd, unabonyeza Entrée. Dirisha jeusi linafunguka. Musitoroke. Munaandika hivi tu:

yt-dlp -S res:480 --write-info-json "LIEN"

Mahali pa LIEN munabandika anwani ya video, na zile alama mbili za pembeni zibaki. 480 ni ukubwa wa picha. Nimeiweka juu najua mifuko yetu: video ya dakika 10 ku 480 inakula karibu mega 40 mpaka 80, na ku 1080 inaweza kula mara tatu ao zaidi. Kwa kuangalia, kwa kufundisha, 480 inatosha. Lakini kama ni video yenye kuonyesha mutu anauawa, ao polisi anapiga, ao pesa inapita mukono kwa mukono, mutoe ile "-S res:480", muache ichukue picha nzuri kabisa. Namba ya camion, cheo ku bega, alama ya kikosi ku mukono, vinasomeka ku picha nzuri tu. Afazali tuchange forfait watu watano kwa video moja ya namna ile.

Connexion ikikatika katikati, musianze upya. Andika neno lile lile, itaendelea kutoka kwenye ilifika. Na kama siku moja inagoma, mbele ya kutukana mutu, andika yt-dlp -U. YouTube inabadilisha kufuli zake kila mara, na programu ya miezi mitatu tayari ni muzee.

Neno juu ya zile kurasa za intaneti zinasema "bandika lien hapa, tutakupa video". Zimejaa vifungo vya "Télécharger" vya uongo. Ukishusha kitu, angalia mwisho wa jina lake: mp4, webm, sawa. Ikiishia na exe ao apk, futa mbio, ile si video, ni mwizi amevaa nguo ya video.

Sasa ile --write-info-json. Wengi wataiacha juu ni ndefu. Mimi nasema hiyo ni nusu ya kazi. Facebook, X, WhatsApp zikipokea video, zinaifinya na kuondoa yale maandishi ya siri yenye telefone iliweka ndani: saa, mahali, aina ya telefone. Kwa hiyo faili unayoshusha inakuja bila kitambulisho. Mara ingine inakuja na jina "videoplayback", na tarehe yake inaweza kuwa ile ya siku uliyoishusha, hata kama mambo yalifanyika miaka mitatu mbele. Kisha mwaka, uko na "videoplayback (17).mp4" na haujui tena ni Beni, ni Bunia, ao ni inchi ingine kabisa. Ile faili ndogo ya json inaandika lien, jina la akaunti, tarehe ya kutiwa, na maneno yaliyoandikwa chini ya video. Ni acte de naissance yake. Pembeni yake, ongeza wewe mwenyewe faili ya maandishi: nilishusha siku gani, saa gani, nilipata lien kwa njia gani. Majina ya watu, hapana! Jina la mwenye alifilma haliandikwi pale hata siku moja.

Kisha unachukua chapa ya kidole ya faili. Ku Windows, mu dirisha lile lile jeusi:

certutil -hashfile video.mp4 SHA256

Itatoa mustari wa herufi na namba 64. Ukigusa video hata kidogo, ukakata sekunde moja, ule mustari unabadilika wote. Kwa hiyo unaandika mustari ule mu daftari la karatasi, na tarehe. Siku mutu atasema "mumeichezea", utaionyesha. Njo maana faili ya asili hatuikate, hatuiandike juu, hatuitie muziki. Ukitaka kukata kwa kusambaza, fanya kopi. Na ukiituma kwa mwenzako ku WhatsApp, itume kama "Document". Ukiituma kama video, WhatsApp inaifinya, na chapa inakuwa ya kitu kingine.

Mutu atasema: haya ni mambo ya wazungu, mahakama zetu hazijali. Si kweli. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi kule Bukavu ilihukumu wakubwa wawili wa FDLR juu ya mauaji ya mwaka 2012 mu Kamananga na Lumenje, Kivu ya Kusini. Mu ile kesi waliweka mezani picha zilizopigwa na programu ya eyeWitness, ile inaandika yenyewe saa na mahali na inaonyesha kama picha imeguswa. Ni kesi ya kwetu, mbele ya waamuzi wa kwetu. Tofauti na sisi ni kwamba zile picha zilichungwa vizuri tangu saa ya kupigwa. Kwa sababu hiyo nasema tena: kama munajua mwenye alifilma na anakubali, faili ya telefone yake inapita mbali ile tunaokota ku Facebook. Kushusha ni kwa pale hatuwezi kumufikia.

Hapa Beni tuko na sababu yetu ya pekee. Disemba 30, 2018, wakati inchi ingine ilikuwa inachagua rais, sisi tulikatazwa kura, na wakaaji wa huu muji wakapanga mistari wakapiga kura yao ya mfano. Kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, karibu siku 20. Siku 20 lien haina maana yoyote. Mwenye alikuwa na faili ku diski aliweza kuionyesha jirani, kuipitisha ku clé USB, mukono kwa mukono. Mwenye alikuwa na lien alingoja.

Juu ya hatari, nitasema kwa ufupi juu hiyo itakuwa na kikao chake. Tuko mu état de siège tangu Mei 2021, na kuna Code du numérique ya 2023 inayoazibu mwenye kusambaza habari ya uongo ku mitandao. Kuchunga si kusambaza. Unaweza kuchunga video yenye haujahakikisha. Kuisambaza mbele ya kuihakikisha ni jambo lingine, na huko sitakutetea. Miili ya watu wetu, tunaichunga kwa ajili ya haki, hatuitumiane ku makundi saa ya kula. Kile mtoto atakuta siku moja ni uso wa baba yake. Diski ya ushahidi haitembei mu begi ku barrière. Ifungwe na neno la siri, VeraCrypt ni ya bure, na kopi ya pili ilale nyumba ingine, na kama inawezekana muji mwingine.

Clip za wasanii na filme, musiniulize leo. Msanii naye anakula kwa jasho lake, na YouTube katika masharti yake inakataza kushusha bila ruhusa. Sisi tunasema juu ya vitu vyenye vikipotea, mutu fulani atalala bila haki.

Mukiwa na clé, muangalie kitu kimoja: nyingi ziko mu FAT32, na hiyo haipokei faili inayopita giga 4. Direct ya saa tatu inaweza kukataa. Muziweke exFAT, lakini mutoe kwanza vitu vyenu, juu kubadilisha kunafuta yote.

Bon, mufungue mashini. Kila mashini watu watatu. Nimeandika ku ubao lien nne: ya kwanza itashuka na panya tu, ya pili na ya tatu zinaomba yt-dlp, ya nne imekwisha kufutwa, musihangaike nayo, nataka tu muisome ile maneno inatokea. Mwenye daftari aandike chapa ya kila faili. Dada wa pale nyuma, ile clé yako ya bluu, ni giga ngapi?